Bastola ya Baba Mkubwa Imeonekana

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
S.L.P. 318.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa mdogo wangu Msumari,

Salamu kwanza. Nakujua ulivyo. Umeona mwandiko wangu kwenye bahasha, na sasa macho yako yanakimbilia chini kutafuta kuna nini. Rudi juu hapa. Tangu lini barua ya dada ikasomwa kama bili ya umeme?

Hujambo? Wifi yangu hajambo? Kishindo bado anashuka ngazi kwa makalio, au ameshakuwa kijana mwenye adabu zake? Na dada yake, yale meno ya mbele yameota? Mara ya mwisho tulipozungumza ulisema mgongo unakusumbua kwa kuinama kwenye mashimo ya lifti mchana kutwa. Umeenda kuonana na daktari, au bado unajipaka dawa ya misuli na kujidanganya? Nijibu hayo yote, nina hamu ya kuyajua.

Mimi ni mzima. Macho ndiyo yameanza ukorofi. Nikitunga uzi kwenye sindano nanyoosha mkono mpaka mkono unakwisha na tundu bado silioni. Lakini mikanda ya makochi naivuta kama zamani, na mdomo nao haujambo, waulize wateja. Jina la Dada Mdomo mlilonibandika utotoni halijachakaa hata kidogo.

Simu hupokei. Sikulaumu, ningekuwa wewe ningeitupa na simu yenyewe. Ndiyo maana nimeandika kwa anwani ya kazini kwako. Nawaomba wakubwa zako wasiifungue wakidhani ni malalamiko ya mtu aliyekwama kwenye lifti.

Haya. Kaa chini sasa.

Bastola imeonekana. Bastola ya Baba Mkubwa imeonekana, na haikuwa imeibwa na mtu yeyote. Haikutoka hata mlangoni.

Nitakueleza yote tangu mwanzo, pamoja na yale unayoyajua, maana nataka umpe wifi naye asome. Yeye aliondoka huku na wanawe wakilia, na hakuna aliyempa maelezo ya maana. Anastahili kuyapata.

Wifi yangu, mwaka jana mlipokuja likizo, mlifikia kwa Baba Mkubwa kwa sababu ndiye aliyetulea mimi na mumeo tangu baba yetu alipofariki. Ndiye aliyenifundisha kazi ya makochi. Karakana hii ilikuwa yake, na bastola aliipata kwa kibali halali baada ya majambazi kuivunja mara mbili. Zaidi ya siku ya ukaguzi, sijawahi kumwona akiitoa nje. Ilikaa kwenye sanduku la bati, juu kabisa ya kabati la chumbani, na kila mwaka aliipeleka kukaguliwa huku amevaa koti lake la heshima, utadhani anakwenda kuposa.

Siku mbili kabla ya nyinyi kuondoka, akafungua sanduku ajiandae kwa ukaguzi. Tupu. Nyumba nzima ikapinduliwa. Ndipo mtoto wake, kaka yetu Mhasibu, akaanza kupiga hesabu zake: nyumba haijavunjwa, funguo zipo, mgeni ni nani? Tukakusanywa sebuleni. Msumari, nakumbuka ulivyokaa kwenye lile kochi kubwa, upande wa kushoto, kiwiko umekiegemeza kwenye mkono wa kochi, ukiwa huamini kwamba ni wewe unayeulizwa. Mhasibu akatupa na methali: kikulacho ki nguoni mwako. Niliyomjibu siyarudii hapa, barua hii itapita mikononi mwa watu wa posta.

Wakaja polisi. Ukachukuliwa mbele ya watoto wako, ukalala kituoni siku mbili, ukaachiwa kwa kuwa hapakuwa na ushahidi. Kibali cha Baba Mkubwa kikafutwa kwa uzembe. Siku mnaondoka hakutoka chumbani kukuaga. Wewe ukasimama mlangoni ukasema kwa sauti asikie: "Mkimpata mwizi mtaniita." Tangu siku hiyo hujaja, hujaitwa.

Sasa nikuite.

Baada ya hapo Baba Mkubwa hakuwa yule tena. Aliacha kuja karakana. Nyundo ilikutwa ndani ya friji. Siku moja aliniuliza kama baba yetu amesharudi kutoka kazini, na baba ni marehemu tangu wewe huna meno. Nikamwambia Mama Mkubwa tumpeleke hospitali. Akakataa, akasema amechoka tu, ni ile aibu ya bastola imemwelemea. Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akanijibu kwamba mdomo wangu huo ndio ulionikosesha waume wawili. Tukanuniana mwezi mzima.

Kilichotupatanisha ni kochi. Lile lile kubwa. Sponji ilikuwa imekwisha kabisa, ukikaa unazama, ukitaka kuinuka mpaka uvutwe na watu. Mama Mkubwa akaona aibu kwa wageni, akalituma kwangu kwa mkokoteni pamoja na ujumbe kwamba anataka rangi isiyoonyesha uchafu.

Hapa nimkumbushe wifi jambo moja la kazi yetu. Kochi lolote ukilifungua, ndani unakuta vitu: vitana, kalamu, hereni, sarafu, mara moja tulikuta meno ya bandia ya mchinja nyama, na mwenyewe alikuwa amemsingizia mbwa. Sheria ya Baba Mkubwa ilikuwa moja, na alinifundisha kabla hata ya kunifundisha kushika mkasi. Kilichokutwa ndani ya kiti kinarudi mkononi mwa mwenyewe. Si kwa mtoto wake, si kwa jirani, mkononi mwake yeye. Unamkabidhi, unamuuliza, "Umepokea?" Naye anajibu, "Nimepokea." Na kiti hakifungwi mpaka neno hilo limetamkwa. Kuna kiti cha bibi mmoja kilikaa hapa wazi miezi mingi kwa ajili ya pete tu, mwenyewe amelazwa hospitali. Watu walitucheka. Bibi alipopona akaja, akavaa pete yake palepale kwenye benchi, kisha tukafunga kiti.

Basi nikalipindua lile kochi miguu juu, nikang'oa pini, nikatoa kitambaa cha chini. Nikaingiza mkono kwenye mkono wa kushoto kupima sponji. Vidole vikagonga kitu kigumu. Nikadhani ni ubao umevunjika. Nikawasha taa, nikachungulia.

Kulikuwa na mfuko umeshonwa kwa mkono kwenye kitambaa cha ndani. Msumari, ule mshono niliutambua kabla sijajua umeficha nini. Uzi umepakwa nta, kila hatua ya tatu sindano imerudi nyuma, fundo limefichwa chini ya mkunjo. Ninaowajua wanaoshona hivyo ni wawili: Baba Mkubwa na mimi. Na mimi sikuwa nimeligusa kochi hilo hata siku moja. Wewe usijisumbue kujihesabu, kifungo cha shati kilikushinda ukaenda shule umejifunga pini.

Nikakata nyuzi mbili tu, kiasi cha kuona. Kitambaa laini cha njano, kile cha kufutia miwani yake. Na ndani yake, mdomo wa bastola.

 Nikafunga mlango, nikakaa chini sakafuni kwenye vumbi la sponji. Kwanza nilicheka, nikakumbuka methali ya Mhasibu, kumbe kweli kilikuwa nguoni, nguo ya kochi. Halafu nikalia. Halafu nikashikwa na hasira, hasira ya kweli, nikitaka niende nikamtikise yule mzee mabega. Uliulizwa ukiwa umekaa pale. Kiwiko chako kilikuwa juu yake.

Nikiwa bado sakafuni, mlango ukagongwa. Mama Mkubwa, amekuja kuchagua kitambaa, na kukuta karakana imefungwa mchana kweupe kukamtia wasiwasi. Alinitazama usoni, akatazama kochi, akainama akachungulia mwenyewe. Akakaa kwenye ndoo ya gundi. 

Kisha akanishika mkono. Akaniomba niseme imeokotwa mtaroni. Au niipeleke polisi kimya kimya, niseme nimeikuta mlangoni asubuhi. Alisema, "Mwanangu, akijua ni mikono yake mwenyewe, hata huyu kidogo aliyebaki tutampoteza." Na hapo ndipo alipokiri yale aliyonificha, kwamba usiku Baba Mkubwa humuuliza yeye ni nani, na yeye hujibu ni mkeo, naye husema asante.

Nikamsindikiza mpaka barabarani bila kumwahidi neno. Mimi, Dada Mdomo.

Sikufanya kazi siku ile. Wateja niliwaambia nina homa. Nilipiga kufuli mbili na bado nikajiona kama nimelala na nyoka ndani. Niliwaza, Msumari, na sitakudanganya, nilimwelewa Mama Mkubwa. Yule mzee alitubeba mgongoni. Anachobakiwa nacho ni kuamini kwamba alikuwa mtu makini aliyeibiwa. Nimnyang'anye na hilo? Lakini bastola ikisemwa imeokotwa mtaroni, watu watasemaje? Watasema uliingiwa na woga ukaitupa. Uchafu ungekukaa mpaka unazeeka, na Kishindo angekua akijua baba yake ni mwizi aliyekosa kushikwa. Kila nilipogeuza upande huu, nikamwona Baba Mkubwa. Nikigeuza upande ule, nakuona wewe umesimama mlangoni na mabegi.

Mwishowe nikaacha kuwaza kama mtoto wa nyumba ile, nikawaza kama fundi. Kitu kimekutwa ndani ya kiti. Mwenye kiti yuko hai. Sheria ni yake mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata nikaenda kumchukua. Asubuhi ndio wakati wake mzuri. Mama Mkubwa alinifungulia mlango, akanitazama, akaenda kumletea koti. Hakunizuia, na hilo nitamshukuru mpaka kufa kwangu.

Alipoingia karakana akanusa gundi, mgongo ukanyooka. Akaanza kunikosoa palepale: mkasi hauwekwi hivyo, mikanda hii ni ya bei rahisi, nani kakuuzia. Nikafurahi, nikaumia. Nikamwambia, "Baba Mkubwa, kochi hili lina mshono umenishinda. Hebu nitazamie."

Akapitisha kidole. Akasimama. Akapitisha tena, polepole.

"Nani kashona hapa?"

Nikamwambia mimi sijui.

"Si wewe. Wewe unavuta uzi mno, tangu utoto nakwambia. Huu ni wangu."

Nikampa mkasi. Akakata fundo, akavuta uzi, mfuko ukafunguka kama alivyoukusudia ufunguke, bila kuchanika. Akatoa kile kitambaa cha njano, akakifungua juu ya meza. Akaikagua bastola kama alivyozoea, haikuwa na kitu. Risasi zilikuwa kando, humo humo mfukoni, kwenye kopo la peremende za kikohozi. Mlango wa pili, Kinyozi alikuwa ananyoa mtu huku mashine inanguruma, na mimi nikajikuta naisikiliza ile mashine nisimtazame usoni.

Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Watoto walikuwa wanacheza kujificha."

Nikamuuliza watoto gani.

"Yule mdogo mwenye kelele. Nilifungua kabati nikamkuta ndani, amekaa chini ya sanduku, anacheka. Nikaona hapana. Mlipotoka kwenda sokoni nikaishona humu, ambamo hata mtu mzima hachungulii. Nikasema wakishaondoka nitaitoa."

Msumari, umesikia? Aliificha kwa ajili ya Kishindo. Ili mwanao asiiguse. Ndicho alichokuwa amekifanya mchana ule, na kabla ya wiki kwisha kilikuwa kimemtoka kichwani chote, hakubakiwa na chembe, na sisi tukakufunga wewe.

Alifika mwenyewe huko. Nilimwona akifika. Alisema, "Na tukamfunga baba yao." Kisha akalia. Baba alipofariki, Baba Mkubwa hakulia mbele yetu, alitushika mikono tu. Siku ile alilia mbele yangu akiwa amesimama, mikono miwili mezani. Akaniuliza kwa nini hakukumbuka. Sikumzungusha. Nikamwambia, "Unasahau, Baba Mkubwa. Unaumwa. Ulianza wakati ule na hatukujua." Akauliza kama mkewe anajua. Nikasema anajua. Akasema basi mmenificha ugonjwa wangu mwenyewe, na hilo likaniuma kuliko kilio.

Lakini kazi ni kazi. Nikamuuliza, "Umepokea?"

 Akafuta miwani kwa kile kitambaa cha njano, akaivaa, akaitazama bastola, akanitazama mimi.

"Nimepokea," akasema.

Nikapiga simu kituoni. Wakaja askari wawili na gari, wakaichukua bastola, naye akapanda kwenda nao, hakutaka kushikwa mkono. Pale kaunta, mkuu wa kituo akamkaribisha ofisini ili wazungumze kwa faragha. Akakataa. Akasema mbele ya watu wote waliokuwa kwenye benchi kwamba kijana wake alilala humo ndani siku mbili kwa kosa lake yeye, na kwamba bastola aliificha yeye, na hakuna mwingine aliyeigusa. Nusu ya askari waliokuwepo wakati wako wameshahamishwa, hawakujua anamzungumzia nani. Mama mmoja aliyekuja kuripoti simu yake kupotea alimwambia, "Pole sana, baba." Yeye akamshukuru kwa heshima zote. Maelezo yakaandikwa na jina lako likasafishwa huko. Wameamua kutomshtaki, bali silaha haitarudi kwake. Mkuu alikuwa anatafuta maneno ya upole ya kumwambia hivyo, Baba Mkubwa akamwahi: "Hata mkinipa, kijana, nitaiweka wapi nikumbuke?" Ikabidi tucheke, na yeye akacheka.

Jioni akaita ukoo wote sebuleni. Kochi halipo, wakakaa kwenye viti vya plastiki. Akasimulia mwenyewe, bila kuruka kitu. Mhasibu aliinamisha kichwa kama anahesabu vigae vya sakafu. Kesho yake alikuja karakana, akakaa kwenye boksi la misumari tangu asubuhi. Mwishowe akasema ameanza kukuandikia mara nne na kila mara anachana. Amekonda. Sikumwonea huruma sana, lakini nilimpa maji. Alitaka nikuandikie kwa niaba yake, nimemkatalia. Aandike yake, mimi si tarishi.

Ningependa kukwambia yameishia hapo. Hayakuishia.

Siku iliyofuata ule mkutano, Baba Mkubwa aliamka akauliza bastola yake iko wapi. Ilikuwa imeshafutika. Mama Mkubwa akashika kichwa. Nikakaa naye nikamweleza upya, na akaumia upya, kama vile hajawahi kusikia. Tangu hapo imekuwa hivyo. Kuna siku anakumbuka mwenyewe. Kuna siku anauliza na Mama Mkubwa anamjibu iko polisi, ambayo ni kweli, naye anaridhika. Lakini siku anazotaka kujua yote namwambia yote, na kila nikimaliza, swali lake ni lile lile. Haulizi tena habari ya bastola. Anauliza, "Msumari ameshakuja?"

Tumempeleka hospitali hatimaye. Daktari amesema huu ugonjwa haurudi nyuma. Kuna vidonge vya kuupunguza mwendo. Asubuhi zake nzuri bado zipo, lakini nimeanza kuona zinapungua, na hilo ndilo lililonifanya niandike leo nisingoje uinue simu.

Mdogo wangu, sikwambii usamehe. Mimi sikulala kwenye ile sakafu, wala si mimi niliyechukuliwa huku watoto wangu wananitazama. Hasira yako ni haki yako, na kama ungekuja ukamwambia Mhasibu neno moja mbele ya watu, ningekushikia koti. Ninachokuomba ni kitu kidogo. Baba Mkubwa amenikataza kulifunga lile kochi. Ananiambia kuna kitu kingine kilichukuliwa pale, ni jina la mtu, na mwenyewe hajakabidhiwa. Nimemwambia jina lilishasafishwa polisi na mbele ya ukoo. Akanigombeza kama mwanafunzi: tangu lini tukampa jirani kitu cha mtu? Basi kochi liko hapa katikati ya karakana, mkono wa kushoto uko wazi, sponji mpya inaingia vumbi, na Mama Mkubwa anapokea wageni kwenye viti vya plastiki huku akinilaani. Kila asubuhi Baba Mkubwa anakuja anakaa kando yake, anangoja.

Njoo, Msumari. Njoo asubuhi. Akukabidhi kwa mkono wake, akuulize umepokea, na wewe ujibu unavyojisikia. Ukisema hujapokea, pia ni jibu, na litakuwa limetoka kinywani mwako. Ila usichelewe mpaka ufike umkute akikuuliza wewe ni nani.

Mama Mkubwa anakusalimu sana, anasema chumba chenu kimefagiliwa. Kinyozi anakusalimu, bado anasimulia ulivyomkimbia na nusu ya kichwa. Mhasibu naye anakusalimu, salamu zake zimemkwama kooni nazituma hivyo hivyo. Mwambie wifi kwamba ninamheshimu, na Kishindo mwambie shangazi yake anamngoja na ana ngazi mpya ya kushukia. Mungu akulinde mgongo huo, akufungulie moyo kwa wakati wake, na awakuze hao wawili wakiwa wanakuona kama ulivyo.

Hapa chini nimemwachia Baba Mkubwa nafasi, amesema lazima aandike kwa mkono wake. Akirudia maneno usimcheke. Sitalifuta hata neno moja.

Ni mimi dada yako nikupendaye, leo na siku zote,
Dada Mdomo

*

Msumari mwanangu, ni mimi Baba Mkubwa. Bastola niliificha mimi kwenye kochi. Hukuiba. Nilikukosea mbele ya watoto wako. Nisamehe. Njoo nyumbani.

*

Msumari mwanangu, hujambo? Watoto hawajambo? Kuna jambo nataka kukwambia. Bastola niliificha mimi. Nisamehe. Njoo nyumbani.